Hesabu ya Mtu Asiyejua

Enzi hizo, shule zikifungwa, watoto wenzake walikwenda kucheza, lakini Chiriku alikwenda kazini na Mama. Kila asubuhi walipanda ngazi hadi maabara ya chuo, ghorofa ya pili. Mama alitundika mkoba msumarini, akavaa koti jeupe lililokosa kifungo kimoja, kisha wote wawili wakanawa mikono hadi kwenye viwiko. Chumba kilinukia spiriti. Pembeni palikuwa na kabati la joto lililonguruma mchana kutwa, na ndani yake seli za damu zililelewa katika visahani vya kioo. Chiriku sasa ni mtu mzima, lakini hata leo akisikia harufu ya spiriti, moyo humrudisha chumbani mle.

Jina la Chiriku alipewa na Fundi, mzee aliyeosha vyombo vya maabara na kuvitengeneza vilipoharibika. "Huyu mtoto ana maneno mpaka mashine zinachoka," alisema. Kweli, msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliuliza kila kitu, na Mama hakuchoka kumjibu.

"Mama, damu inatengenezwa wapi?"

"Ndani ya mifupa, kwenye uboho. Humo mna seli kubwa mno, mijitu hasa. Kila moja humeguka vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, navyo huingia kwenye damu. Vinaitwa chembe sahani. Ukijikata kidole, hivyo ndivyo vinavyokimbilia kuziba."

"Na mtu asipokuwa navyo?"

"Damu haikomi."

Mama alikuwa mtafiti. Kwa miaka sita alikuwa akitafuta dawa ya kuufanya uboho uzae seli kubwa nyingi zaidi. Sasa alitia dawa aliyoitengeneza katika visahani sitini, na maji ya chumvi matupu katika vingine sitini, kisha kila kisahani akakipiga picha kwa darubini. Ilibaki kuhesabu seli kubwa katika kila picha. Msaidizi wake aliyezoea kazi hiyo alikuwa amelazwa na homa, na ripoti ilitakiwa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

"Si uhesabu mwenyewe?" Chiriku aliuliza.

"Siwezi. Mimi najua picha ipi ni ya dawa na ipi ni ya maji. Jicho likishajua, huona kile moyo unachotaka. Lazima ahesabu mtu asiyejua." Nyuma ya kila picha Mama alikuwa ameifunika alama kwa kipande cha karatasi. "Macho yako ni makali. Nitakufundisha."

Alimfundisha siku mbili nzima. Juu ya kila picha kulikuwa na mraba uliochorwa. Seli iliyo ndani huhesabiwa. Iliyogusa mstari wa juu au wa kushoto huhesabiwa pia, lakini iliyogusa wa chini au wa kulia huachwa, hiyo ni ya mraba wa jirani. "Ukiwa na shaka, fuata sheria, usifuate huruma," Mama alisema.

Chiriku alihesabu picha thelathini kwa uaminifu kabisa. Kesho yake alasiri Mama aliitwa na mkuu wa idara, na msichana akabaki peke yake mezani. Karatasi moja ilikuwa imeinuka pembe. Alijiambia anaibandika tu vizuri, lakini macho hayana pazia. Chini yake aliona herufi D, yaani dawa. Basi, aonjaye asali huchonga mzinga: akabandua ya pili, ya tatu, mpaka akazijua zote zilizobaki, akazibandika tena kwa mate.

Hakubuni hata seli moja, na hilo alijiapia. Lakini kwenye picha za D, seli iliyogusa mstari wa chini aliihurumia akaiingiza. Doa hafifu nalo akaliita seli. Kwenye picha za maji akawa mkali kuliko askari wa barabarani. Alimpenda Mama, alitaka ashinde.

Ijumaa jioni Mama alijumlisha, akachora mistari miwili kwenye karatasi ya miraba. Mstari wa dawa ulipanda juu sana ya ule wa maji. Mama aliufuata kwa kidole mpaka mwisho. Kisha mtu mzima yule, mtafiti mwenye heshima zake, akapiga kigelegele mpaka Fundi akaja mbio na brashi mkononi, akidhani pamewaka moto.

"Miaka sita, Fundi! Miaka sita!" Mama alisema huku machozi yakimtoka.

Chiriku hakuwahi kumwona mama yake na furaha kama ile. Alijisikia fahari, lakini chakula cha usiku alikiacha nusu.

Jumamosi walipeleka majibu ya vipimo vya damu vya wagonjwa katika wodi ya watoto, hospitali ya chuo. Karibu na mlango alilala msichana wa rika lake, pamba puani, mikono imejaa madoa ya zambarau kama aliyepigwa. Muuguzi akamwambia Mama, "Daktari ametuambia kuna dawa yako inakuja. Huyu hana chembe sahani za kutosha, ndiye wa kwanza kwenye orodha ya watakaoijaribu."

Msichana alishusha kitabu alichokuwa akisoma. "Ni chungu?" aliuliza.

"Bado sijui," Mama alimjibu akicheka. "Utaniambia wewe."

Kurudi nyumbani, Chiriku hakutoa neno njia nzima. Jioni Mama alikuwa akipiga pasi gauni la Jumatatu. "Leo chiriku wangu amemeza nini?" aliuliza.

"Mama, nilibandua karatasi."

Pasi ikasimama. "Zipi?"

"Zote zilizobaki. Nikajua za dawa, nikazihesabu kwa huruma. Nilitaka ufurahi."

Mama alizima pasi, akakaa kitako. Alilivuta lile gauni mapajani, akalikunja, na Chiriku aliona afadhali achapwe kuliko kuutazama uso ule.

"Nisamehe, Mama," alisema akilia.

"Nimekusamehe. Tena kosa la kwanza ni langu. Kazi ya mtu mzima nilimpa mtoto kwa sababu nilikuwa na haraka." Mama alijifuta macho kwa kiganja. "Lakini msamaha hautengenezi hesabu. Kesho tunaanza upya."

Jumapili Mama alizichanganya picha zote, akazibandika karatasi mpya kwa gundi kali, akamwelekeza mkutubi wa chuo sheria zile na kumwomba ahesabu. Mkutubi huyo alikuwa mwanamke mwenye miwani minene na asiyependa mzaha. Alihesabu kutwa nzima, hata chai aliikataa. Jua lilipokuchwa, Mama alichora tena mistari miwili. Ilikwenda bega kwa bega. Dawa ya miaka sita ilikuwa sawa na maji ya chumvi.

Jumatatu Mama alivaa gauni lake na kumweleza mkuu wa idara kila kitu. Chiriku alisimama kando yake, akaeleza mwenyewe jinsi alivyobandua karatasi. Mkuu alikunja uso, akauliza maswali mengi, mwisho akaamua kwamba dawa haiendi wodini. Mama alikwenda mwenyewe kumwambia yule msichana. Msichana aliendelea kutiwa chembe sahani za watu waliojitolea damu, na baada ya wiki kadhaa akaruhusiwa kurudi kwao.

Ilimchukua Mama miaka tisa mingine kupata dawa iliyofanya kazi. Siku hiyo palikuwa na hotuba na makofi, lakini Chiriku akimkumbuka Mama, siyo siku hiyo inayomjia. Humjia Jumatatu ile, wakitoka ofisini kwa mkuu, yeye akiburuta miguu.

"Mama, miaka sita yote imepotea?"

"Haijapotea. Njia hii tumejua haifiki, tutashika nyingine." Mama alisimama, akamshika bega. "Ila nisikilize vizuri. Ungenyamaza, yule mwenzako wa wodini angemeza dawa yangu kila siku akingoja kupona, na mapenzi yako kwangu yasingemzibia damu hata tone moja. Ukinipenda, mwanangu, niambie kweli, hata kama itaniliza."