Mpiganaji Asiyejikinga

Muigai alikuwa ameshika kontrola ya gemu, karibu amalize pambano, mpiganaji Wakhungu alipoinua mkono ndani ya skrini akajikinga.

"Labda gemu imehang, imekwama, bana," Muigai alisema, lakini hakucheka. Yeye ndiye aliyemuunda mpiganaji huyo kwa kompyuta yake, na alijua vizuri kwamba hakumpa uwezo wa kujikinga.

Mwenye kibanda cha gemu, Wekoye, ndiye aliyetaka awe hivyo. Wakhungu alikuwa kaka yake. Enzi za uhai wake alimchapa Wekoye kwa mshipi kila alipomkuta akicheza gemu, akimwita bure mbele ya wasichana. Alipokufa kwa ugonjwa wa ini, Wekoye alilia matangani jinsi inavyotakiwa, kisha akarudi Kitale na wazo lake: kumfanya kaka yake mpiganaji wa kupigwa tu. Uso, yeye na Muigai waliutoa kwenye picha ya mazishi. Sauti waliitoa kwenye ujumbe ambao marehemu alirekodi hospitalini, akiguna na kumwomba mdogo wake amletee maji. Wekoye hakuwa ameujibu. Ukimpiga mpiganaji huyo ngumi ya tumbo, aliguna vilevile alivyoguna kitandani. Kulikuwa na wimbo wa rap pia, Wekoye aliutunga mwenyewe, na vijana wa mtaa wa Matisi waliuimba huku wakimtwanga. Tuseme ukweli, ilichekesha.

Sasa kibanda kilinuka udongo mbichi, ule wa kaburi likifukiwa, na mvua haikuwa imenyesha. Simu ya Wekoye ikalia.

Alikuwa Nasimiyu, mkewe, aliyejifungulia Chwele kwa mama mkwe. Walikuwa wamemngoja mtoto huyo kwa miaka, mimba zikiharibika, na tangu azaliwe alilia tu na kukataa titi. Kwao mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayetaka mtoto apewe jina lake. Majina ya ukoo hutajwa moja moja hadi mtoto anyamaze. Mama mkwe alikuwa ameyamaliza yote ila moja, ambalo Wekoye alikuwa amekataza.

"Baba, huyu anatuacha," Nasimiyu alinong'ona. "Hata sauti inaisha. Ruhusu tu. Ni Wakhungu anataka jina."

Wekoye alitazama skrini. Kaka yake alikuwa amempa mpinzani wake mgongo, akimtazama yeye.

"Mwiteni," alisema.

Alimsikia mama yake akilitamka jina. Kilio kikakatika, mtoto akaanza kunyonya, na Wekoye akaegemea ukuta machozi yakimtoka kwa furaha. Muigai, aliyedhani mambo yamekwisha, akabonyeza kitufe na kurusha ngumi ya tumbo.

Kwenye simu mtoto akaguna kwa sauti nzito ya mtu mzima.

"Wacha," Wekoye alisema.

"Nimewacha, buda. Ona, sijashika."

Kontrola ilikuwa sakafuni, lakini mpinzani aliendelea kupiga, tumbo, shavu, tumbo, na kila pigo lilijibiwa na mguno kule Chwele, na Nasimiyu alikuwa akinong'ona kwamba tumbo la mtoto linavimba na kuwa jeusi, na ndani ya skrini Wakhungu, ambaye dakika chache zilizopita alijikinga, sasa alikuwa ameshusha mikono yote miwili na kusimama wima akitabasamu, kwa sababu alikuwa amepata mwili mwingine wa kupigwa kwa niaba yake.

Wekoye aling'oa waya. Picha haikuzimika. Akaibeba mashine, akaibamiza sakafuni, akaipondaponda kwa jiwe la mlangoni hadi skrini ikawa nyeusi.

Mama yake akachukua simu. "Wekoye. Hili jina ulikuwa umepatia nani?"

Alimweleza habari ya gemu.

"Uliipa roho ya kaka yako nyumba ya kupigiwa. Vunja hicho kitu."

"Nimevunja, mama."

"Basi. Mtoto amelala."

Harufu ya udongo ilikuwa imepungua. Wekoye aliketi kwenye vipande vya plastiki, akacheka kidogo kwa kuchoka. Muigai hakucheka. Alikuwa akitazama simu yake.

"Buda, usinichukie. Nilikuwa nimemweka Wakhungu mtandaoni wiki jana, pamoja na ngoma yako. Nilitaka ujulikane. Watu wamempenda, wanampakua na kumcheza, ati hata wa ng'ambo."

"Mfute."

"Nimemfuta saa hii. Lakini wale waliompakua bado wako naye. Siwezi kuwafikia."

Laini ya simu bado ilikuwa wazi. Nasimiyu alikuwa akimwimbia mtoto polepole, kisha akaacha.

"Baba," alinong'ona. "Si umesema umevunja?"

Mtoto akaguna. Kisha, kwa sauti ileile, akamwomba Wekoye maji.