Sanduku Lisilodondosha Maji

"Mzigo umetoka Takawiri," Bonface alisema redioni. "Jamaa anaitwa Machuki. Pikipiki ya Boxer, sanduku la samaki. Anakuja Masara kukutana na wanunuzi wake wazungu."

"Nimemwona," mpelelezi Linet akajibu kutoka sokoni.

Saa saba mchana. Jua la Masara halina adabu. Masanduku yote ya samaki sokoni yalikuwa yanadondosha maji. La Machuki lilikuwa kavu.

Samaki gani hao wasiotoa jasho?

Linet alimfuata hadi kwenye mashimo ya dhahabu, akachomoa bastola yake ya Ceska.

Sandukuni mlikuwa na chupa ya kimeng'enya iliyoibwa kwenye maabara Homa Bay. Seli T ni askari wa mwili. Kimeng'enya kimoja huwaamsha, kingine huwaambia imetosha, rudini kambini. Chupa ile ilikuwa ya hicho cha pili. Wagonjwa kumi na wawili walikingoja, maana askari wao walikuwa wamekataa kutulia na walitafuna neva za mwili wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Linet alikuwa mgonjwa wa kumi na mbili. Mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi Januari. Alilia Januari. Siku hizi hakuhisi chochote, hata hasira.

"Weka chini, Machuki."

Machuki akatupa shimoni glavu zake za kushikia barafu, kisha akalipiga sanduku teke. Barafu kavu ikamwagika juani, ile isiyotoa maji ila moshi, na inayounguza ngozi kama makaa. Chupa ikazama katikati ya moshi.

"Dakika mbili kwa jua hili, hiyo dawa imeharibika, madam. Hakuna ushahidi, hakuna kesi. Ama utaokota na mkono?" Akacheka.

Linet akaingiza mkono wa kushoto.

Machuki akaacha kucheka.

Mkono usiohisi baridi hauhisi chupa pia. Ikabidi apulize moshi, aviangalie vidole vyake, avikunje kimoja kimoja. Chupa ikarudi sandukuni. Halafu barafu, konzi baada ya konzi, bastola ikiwa bado katika mkono wa kulia.

"Wewe ni mtu kweli?" Machuki aliuliza, polisi waliotumwa na Bonface wakimtia pingu.

Saa kumi, Homa Bay, Daktari Cate alipokea sanduku, akapima baridi yake.

"Iko sawa." Ndipo akauona ule mkono, mweupe, umejaa malengelenge. "Woi, Linet! Inauma?"

"Bado, daktari. Labda ukishanidunga hiyo."

Akaenda kukaa mwisho wa foleni, namba kumi na mbili.