Mapigo Chini ya Mlima wa Darubini

Jumamosi, sokoni Calama, kaskazini mwa Chile, Baltazar, mtafiti wa nyota kutoka Santiago, alimpiga kikumbo dada mmoja, na kachumbari yote ya pilipili ikaishia kwenye sketi yake ya manjano.

"Macho umeyaacha Santiago?"

"Nimeyaacha kwako sasa hivi."

"Maneno hayo hayafui sketi!" Lakini alicheka, na kicheko chenyewe, mh, kilimfuata kijana hadi usingizini.

Jumatatu akamkuta kambini chini ya mlima wa darubini, ndani ya koti jeupe. Kumbe ndiye muuguzi Yasna, na hakuna apandaye kwenye darubini, mita elfu tano juu, bila yeye kumpima mapigo ya moyo, maana hewa ya huko ni haba.

"Mia na thelathini na mbili," Yasna alisoma. "Hupandi."

"Dada, zamu yangu inaisha Alhamisi! Nimeiomba miaka mitatu!"

"Unakwenda kutazama nini hasa?"

Akaeleza, mikono ikiruka. Kuna mwanga mkongwe kuliko nyota zote. Unasafiri umepoa, umetulia zako, halafu unakatiza gesi iliyo kati ya galaksi, yenye joto la nyuzi mamilioni. Gesi inaupiga teke, unatoka na nguvu mpya.

"Kwa hiyo unahamia mawimbi mengine, na kwenye yale tunayotazama sisi, mwanga unapungua. Panabaki kivuli. Ndicho ninachokitaka."

"Kitake ukiwa hai."

Jumanne, mia na thelathini na nane. Jumatano, mia na arobaini.

"Sema tu, unanilipizia ile sketi!" Baltazar alifoka.

Yasna alifunga mlango, machozi yakimlenga.

Alhamisi akamtuma muuguzi mwenzake, Mzee Eleuterio, mwenye masharubu kama ufagio. Sabini na nne. Akarudia. Sabini na nne. Yasna akachungulia dirishani kuuliza, na namba ikaruka hadi mia na ishirini na tisa.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Binti, huyu mzima. Ugonjwa ni wewe."

"Siku tatu!" Yasna alimgeukia Baltazar. "Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Hata mimi nilidhani ni mlima!"

"Basi gesi yako ni mimi?"

"Tena ya moto."

"Panda gari kabla sijabadili mawazo!"

Saa kumi alasiri simu ikalia. "Yasna! Kipo! Cheusi, kidogo, palepale!"

"Pumua kwanza, mpenzi."

"Nikishuka nina jambo la kukuuliza."

"Mimi jibu langu unalijua. Jumapili mchana kamuulize mama. Na ulete divai, usilete maua. Maua anawapa mbuzi."