Mawe ya Upande wa Ukutani

Mambo haya yangekuwa ya jirani, ningeyasimulia kwa raha zangu. Bahati mbaya ni ya mdogo wangu wa tumbo moja, kwa hiyo mnivumilie nikisimulia huku nimeinamisha uso.

Mdogo wangu ni kinyozi, mimi ni msusi. Tunatumia chumba kimoja chenye pazia katikati: mbele wanaume na ndevu zao, nyuma wanawake na masikio yao. Asubuhi hiyo ilikuwa kama asubuhi nyingine yoyote. Nilikuwa namchambua nywele mteja wa kwanza niliposikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Kuchungulia, namkuta mdogo wangu anahema, mbele yake kuna tangi la vioo refu kama benchi, kioo kimoja kimekwaruzwa.

"La samaki hilo, Dada. Wa baharini, si hawa wa maji ya bomba. Na matumbawe humo humo! Wateja wakisubiri zamu, watakuwa na kitu cha kutazama. Yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara ana televisheni tu."

"Na mboga ya watoto wako itavuliwa humo?"

Akacheka. Mdogo wangu akipenda kitu amependa, hata umfunge kamba. Tangi la mitumba, pampu ya mitumba, taa ya bluu aliunga waya mwenyewe. Chumvi tu ndiyo alinunua mpya dukani, akawa anaipima majini kwa kipimo chenye sindano, kafumba jicho moja kama daktari. Kikwazo kikawa mawe. Alinieleza kwamba matumbawe hayaoti hewani. Yanataka mawe yaliyotoka baharini zamani, makavu, yenye matundu mengi, na kwenye matundu hayo ndimo maji yanamojisafisha. Alikwenda kuyaulizia, akarudi amefura.

"Wanauza mawe kwa kilo, Dada! Kama nyama! Tena nyama yenyewe mfupa mtupu!"

Baada ya siku chache mawe yakawa ndani ya tangi. Yalikuwa mazuri, ya kijivu, matundu kila upande. Nikamuuliza kayapata wapi.

"Yalikuwa yamekaa tu mahali," akasema. "Hayana kazi."

Nami nikayasifia. Nikikumbuka nilivyoyasifia, natamani ardhi inimeze.

Maji yakaachwa wiki kadhaa yaive, maana ukiharakisha samaki wanakufa. Halafu wakaingia samaki wawili wa rangi ya chungwa, na vipande vya matumbawe vya bei ya chini, vidogo kama vifungo vya shati. Vikashika kwenye mawe, vikaongezeka. Chumba kikajaa. Watu walikuwa wakinyolewa huku shingo zimepinda kutazama tangi, na mdogo wangu akatembea kifua mbele kama aliyeumba bahari yeye.

Ilianza kwa chumvi. Kwa kawaida maji ya tangi hupungua kwa joto, chumvi ikabaki pale pale. Unaongeza maji matamu, basi. Lakini sindano ilikuwa inapanda. Akatoa ndoo nzima, akatia maji matamu. Kesho yake sindano imepanda tena, na maji yenyewe yamefika ukingoni, juu kuliko alivyoyaacha.

"Dada, unatia chumvi wewe?"

"Mimi chumvi yangu ni ya mchuzi tu. Muulize anayelala humu."

Nilikuwa natania. Hakuna aliyekuwa akilala mle.

Siku ya pili yake, mchana kweupe, dereva wa lori alikuwa kitini. Jibaba, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Mashine ikiwa katikati ya kichwa, akaanza kutokwa na machozi. Walio kwenye benchi wakacheka.

"Nimekukata, kaka?"

"Hapana."

"Sasa nini?"

"Sijui. Baridi."

"Nizime feni?"

"Upande mmoja tu," akasema, kashika ubavu wa kushoto. "Huku. Kama sijafunikwa."

Akaondoka na nusu ya kichwa. Kitini akakaa fundi saa, mzee mpole wa mtaa wetu, akisema vijana wa leo hawana nguvu. Machozi yakamtoka kabla hajafungwa kitambaa. Akashika ubavu wa kushoto. Kwenye benchi hakucheka mtu tena.

Nyuma ya pazia, mteja wangu akaanza kulia. Nikataka kumbembeleza. Sikuweza. Uso wangu mwenyewe ulikuwa umelowa. Na ubavuni, jamani, ubavu wa kushoto, baridi ya udongo ikaniingia. Nilijigusa. Gauni lilikuwa kavu.

Nikafungua pazia. Wote walikuwa wanalia. Mdogo wangu peke yake alikuwa na macho makavu, kasimama na mashine mkononi, hathubutu kulitazama tangi.

Nikamsogelea sikioni. "Mawe umeyatoa wapi?"

Akaizima mashine.

"Nakuuliza."

"Kwa Shangazi," akanong'ona.

Shangazi yetu ndiye aliyetulea, tangu wazazi wetu walipofariki. Alilala njaa sisi tushibe. Alipozikwa, kando ya ukuta wa makaburi, kaburi lake tulilizungushia mawe ya matumbawe kwa mikono yetu, mimi na huyu huyu.

"Nilichukua ya upande wa ukutani tu," akasema. "Upande wasioona watu. Ule wa kushoto kwake. Dada, nilijua hatakataa. Shangazi hakuwahi kuninyima kitu."

"Hakukunyima kwa sababu ulikuwa unaomba."

Fundi saa alisikia. Uzee umemchukulia meno, masikio umemwachia. Kabla hatujamaliza kutoa mawe, mtaa mzima ulikuwa unajua. Samaki walirudishwa dukani. Mawe tuliyabeba kwenye ndoo, jua la utosi, maji yakitudondokea miguuni, na watu wamejaa milangoni kama wanaosubiri harusi. Hakuna aliyetutukana. Afadhali wangetukana. Mama mmoja alimvuta mtoto wake tu, ili mdogo wangu asimguse.

Kaburini tuliyapanga mawe, moja baada ya jingine. Vile vipande vya matumbawe vilikuwa vimeng'ang'ania, havikubanduka, tukaviacha vikauke juani. Mdogo wangu akapiga magoti.

"Shangazi, nimekosa. Nipe radhi."

Lilipokaa jiwe la mwisho, ubavu wangu ukapata joto, kama mtu kanivutia shuka. Nikajua yameisha.

Wateja walirudi mmoja mmoja. Nywele hazina aibu, zinaota tu. Lakini mdogo wangu alinyong'onyea. Hakutaka tangi wala sifa. Alitaka kitu kimoja, ajue kama Shangazi amemsamehe. "Nitajuaje, Dada?" Kila siku swali hilo. Nikamwambia atulie, wafu hawaandiki barua.

Juzi nikaenda peke yangu kupalilia kaburi. Mvua haijanyesha siku nyingi, udongo umepasuka. Nikazunguka upande wa ukutani, na jembe likaniponyoka.

Matumbawe yalikuwa hai. Nchi kavu, juani, yamejaa mawe yote ya upande ule, yamefunguka. Rangi ya chungwa, kijani, zambarau. Yalikuwa yanayumba taratibu kama yamo majini. Upepo haukuwepo. Nikasogeza mkono, nikayagusa. Yakaendelea kuyumba. Nikalia kwa furaha, nikampigia simu mdogo wangu. Njoo mbio, nikamwambia. Njoo uone jibu lako.

Alikuja anakimbia, joho la kinyozi bado mwilini. Akapita geti.

Matumbawe yakafumba.

Yalianzia mwisho ule aliokuwa anatokea yeye. Moja. Jingine. Jingine. Hadi mawe yote yakawa ya kijivu, kama siku tuliyoyapanga.

Akasimama. Akarudi nyuma hadi getini. Yakafunguka.

Akavua viatu. Akaja polepole, kwa vidole vya miguu, kama zamani alipochelewa kurudi nyumbani. Yakafumba.

"Dada," akanong'ona. "Labda hajanijua. Mwambie ni mimi."

Sikuweza kumtazama.

"Anajua," nikamwambia.