Shubiri Moja ya Robi

Kila asubuhi kabla ya shule, Robi alivuka kijito kwenda kwa nyanya yake kuchukua maziwa. Na kila asubuhi alisimama kwenye jiwe la katikati akaota macho wazi. Nguzo za umeme zilitoka sokoni Kegonga zikaishia upande wa kwao. Ng'ambo, nyanya aliwasha koroboi. Robi aliuona umeme ukivuka hewani bila waya, ukipita juu ya mashamba ya tumbaku polepole kama harufu ya mvua, ukaingia kwa nyanya.

"Wee Robi! Utaota mpaka kengele ilie!" nyanya alimwita.

Ndoto hiyo aliipeleka kwenye klabu ya sayansi. Mwalimu Monari alimpa waya wa shaba, betri, kijitaa na transista ya kuufanya umeme wa betri uwake na kuzimika upesi upesi. "Zungusha waya upate koili mbili: ya kwanza hutuma nguvu hewani, ya pili, yenye kijitaa, huipokea," alieleza. "Pima taa inawaka kwa umbali gani. Ukifaulu, utaenda maonyesho ya Migori."

Robi aliuzungusha waya kwenye sufuria, maana ilikuwa ya mviringo. Masikini! Kijitaa kilimulika kidogo tu koili zilipokaribia kugusana. Akizitenganisha upana wa kidole, kinazimika. Wiki nzima ikawa hivyo.

Siku ya wazazi ilipofika, Robi alificha betri ndogo bapa chini ya kijitaa. Kikawaka hatua tatu kutoka kwenye sufuria! Wazazi walipiga makofi. Nyanya alitokwa na machozi ya furaha.

"Mjukuu wangu! Basi koroboi yangu nampa jirani yangu Susana leo hii. Sina haja nayo tena."

Akilini Robi alimwona nyanya ameketi gizani, akingoja taa isiyokuja.

"Nyanya, usiitoe!" alisema. Akakigeuza kijitaa, akaibandua betri. "Nimedanganya. Umeme wangu hauvuki hata kidole kimoja. Nisamehe. Mwalimu, nisamehe."

"Lo! Kumbe!" mtu akacheka. Robi alitamani ardhi impasukie aingie.

Mwalimu Monari aliichukua ile betri mkononi mwa Robi. "Umekosea sana," alisema. "Sasa nionyeshe taa inavyokataa."

Robi akamwonyesha. Mwalimu akaigonga sufuria kwa ukucha, akaanza kutabasamu. "Mwizi ni huyu hapa! Sufuria ni ya alumini, inaimeza nguvu kabla haijafika mbali. Tutafute kitu cha mviringo kisicho cha metali."

Nyanya aliinua kibuyu cha maziwa alichowaletea walimu. "Hiki je?"

Maziwa yakanywewa kwanza, bila shaka. Kisha Robi akauzungusha waya kwenye kibuyu, akaisogeza koili ya pili kidole baada ya kidole, mpaka shubiri nzima ya mkono wake. Kijitaa kiliwaka! Nyanya akapitisha kiganja katikati. Hakugusa kitu, na taa haikuzimika.

"Njia ya mwongo ni fupi, Robi," Mwalimu Monari alisema. "Ungeshikilia zile hatua tatu za uongo, tusingeipata shubiri hii moja ya kweli. Ukificha kosa, umelificha na jibu lake. Migori utaenda, na utaeleza yote: sufuria, betri na kibuyu."

"Nami koroboi yangu narudi nayo," nyanya alicheka. "Itakungoja."

Kesho yake, kwenye jiwe la kijito, Robi aliota kama kawaida. Kisha akainama, akaanza kukipima kijito kwa shubiri.