Nailoni Chini ya Kifuniko

Saa kumi na mbili asubuhi, mashine ya kupulizia salfa ilizimika katikati ya shamba la mikorosho. Mjomba Ambrosi aliishusha mgongoni, akafungua tangi na kuchungulia. Lilikuwa tupu.

"Leonia, kaa hapa na mashine," alisema. "Nakwenda kuchukua petroli nyumbani."

Majani ya mikorosho yalikuwa bado na umande, na upepo haukuwepo. Huo ndio wakati wa kupuliza, kwa sababu unga wa salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, hushika kwenye majani yenye unyevu. Jua likipanda, upepo huupeperusha. Mashine yenyewe ilikuwa mali ya kikundi cha wakulima wa Kitangari. Kila familia ilipewa asubuhi mbili, kisha mashine ikahamia kwa jirani. Hii ilikuwa asubuhi ya pili ya Mjomba Ambrosi.

Leonia alikuwa na sababu yake ya kutaka kazi iishe. Mama yake alikuwa hospitalini Masasi tangu mwezi uliopita. Alikuwa amejifungua mtoto kabla ya wakati, na madaktari walitaka mtoto aongezeke uzito kwanza. Leonia alikuwa hajamwona mdogo wake. Kila jioni alisimama kando ya barabara akiangalia mabasi yaliyotoka upande wa Masasi, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba mama angerudi. Mabasi yalishusha watu wengine, yakaondoka. Mjomba alikuwa ameahidi jambo moja: siku watakayomaliza kupuliza, kesho yake wangepanda basi kwenda kumwona.

Mjomba alirudi polepole. Mkononi alikuwa na dumu la plastiki nyembamba, lililowahi kuwekewa mafuta ya kupikia.

"Kilichobaki humu hakijazi kikombe," alisema. "Udongo nyuma ya ghala umelowa petroli. Nani alilifunga dumu hili?"

Leonia aliinamisha kichwa. "Ni mimi, Mjomba. Hata kulichagua nililichagua mimi."

Alieleza yote. Jana dukani, Mjomba alipokuwa akifunga magunia ya salfa kwenye baiskeli, alimwambia achague dumu. Kulikuwa na dumu jekundu, zito, lenye mpira ndani ya kifuniko. Kulikuwa pia na hilo la plastiki nyembamba, ambalo lilibeba zaidi. Leonia alichukua lililobeba zaidi ili wasirudi tena dukani na kazi iishe mapema. Kifuniko kilikuwa kinacheza, kwa hiyo akaweka kipande cha nailoni chini yake, kama afanyavyo kila siku anapochota maji. Walipofika nyumbani alililaza dumu nyuma ya ghala ili watoto wasilione.

Dina, rafiki yake, alikuwa akipita na ndoo kichwani, pamoja na mama yake. Alisikia yote.

"Nailoni kwenye petroli!" alicheka. "Leonia, ulitaka tulipeleke na bombani tukachotee maji?"

"Dina, nyamaza," alisema Mama Dina. "Mwenzako anawaza safari."

"Shikamoo, Mama Dina," alisema Leonia kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Ambrosi, zamu ya kesho ni yangu. Lakini salfa yangu haijafika. Kaeni na mashine kesho, mimi nitaanza keshokutwa. Siongezi siku. Keshokutwa nitaivua hata kama iko mgongoni mwako."

"Ahsante, Mama Dina. Utaikuta imefutwa vumbi," alijibu mjomba.

Siku hiyohiyo walirudi dukani kwa Mujibu. Mjomba hakuchagua. Alisimama kando na kumwambia Leonia, "Nionyeshe."

Leonia aliliinua dumu jekundu na kulibonyeza ubavuni. Halikubonyea. Alikagua mshono wa chini, akautazama mpira wa kifuniko kama una ufa, kisha akajaribu mpini. Mujibu alimpa maji kidogo. Akayamimina ndani, akakaza kifuniko, akalipindua dumu juu ya vumbi kavu mbele ya duka. Wote watatu walingoja. Vumbi lilibaki kavu.

"Sasa lisipokauka ndani, maji yataingia kwenye injini," alisema Mujibu. Wakalifungua na kuliacha likauke kabisa kabla ya kutia petroli. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeitia, dumu likiwa chini. Hakulijaza hadi mdomoni, kwa kuwa petroli hutanuka ikipata joto. Nyumbani aliliweka wima, kivulini, mbali na jiko.

Asubuhi iliyofuata mashine haikuzimika mpaka mkorosho wa mwisho. Mjomba aliiweka chini na kumwita Leonia.

"Nailoni huzuia maji. Petroli huilegeza, na joto husukuma mvuke utafute upenyo," alisema. "Kama pangekuwa na moto karibu, tungepoteza ghala, si asubuhi moja tu. Mimi nilikosea kumwachia mtoto kazi ya petroli. Wewe ulichagua chombo kwa haraka ya moyo. Chombo huchaguliwa kwa kile kitakachowekwa ndani yake. Lakini ulisema ukweli mara moja, ndiyo maana tulijua la kurekebisha."

"Nimeelewa, Mjomba."

Kesho yake walipanda basi la kwanza. Leonia alikaa dirishani mpaka vilima vya mawe vya Masasi vilipoonekana.

Wodini, mama yake alikuwa amekaa kitandani, mtoto akiwa amefungwa kifuani kwake kwa khanga. Alikuwa amekonda. Alipomwona Leonia, alisogea kumpa nafasi kitandani.

"Nawa mikono kwanza," alisema. "Kwa sabuni."

Leonia alinawa hadi kwenye viwiko, akajikausha, akaketi kando ya mama yake. Mama alifungua khanga kidogo. Leonia alinyoosha kidole kimoja, na mtoto akakishika.