Mende wa Fundi

Asubuhi ile nilikuwa nafagia mende mfu chini ya jiko, macho nimeyafumba, ufagio nimeushika kwa ncha za vidole.

"Unafagia sakafu au unapunga upepo?" mama akanicheka. "Mwezi ujao unaolewa. Jikoni kwako atafagia nani?"

"Mume wangu."

"Makubwa!"

Simu ikaita. Nesi wa kliniki.

"Mdogo wangu, uko peke yako?"

Nikatoka uani. "Nakusikia, dada."

"Jana nilipita mlangoni ukiwa kwenye matibabu. Ulipopiga kelele, mashine ikapunguza mende. Mchumba wako akawarudisha."

"Kwa bahati mbaya?"

"Kwa kidole chake! Akawaongeza, akatanua mikono, ukamwangukia kifuani. Halafu akatabasamu. Nimeshindwa kulimeza hili."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mchumba wangu ndiye fundi wa miwani ya matibabu pale kliniki. Ukiivaa, unaona mende kama wa kweli, na bangili mkononi inasikiliza moyo na jasho lako. Ukiogopa sana, mende wanapungua. Ukitulia, wanaongezeka kidogo kidogo mpaka uzoee. Wenzangu tulioanza pamoja, yule aliyeogopa nyoka na yule aliyeogopa lifti, walishapona wakaenda zao. Mimi kila wiki nalia upya, na yeye ananifuta machozi: "Usijali, mwoga wangu. Bila mimi ungefanyaje?"

Nikaenda kliniki. Sikumwambia mchumba wangu kitu.

"Tayari, mwoga wangu?" Akanivisha miwani.

"Tayari."

Mende wakatoka ukutani. Leo wala sikuwajali. Nilikuwa nasikia pumzi yake sikioni, inanuka pipi ya mnanaa, mate yakanijaa mdomoni.

"Mbona kimya?"

"Endelea."

Wakapanda mezani, wakanifikia mikononi.

"Ajabu," akanong'ona. "Moyo umeshuka kabisa. Unaona? Ni kwa sababu nipo. Moyo wako unanijua."

Akanipapasa shavu kwa mkono wenye jasho. Ghafla mende wakamwagika kama gunia la maharage limepasuka. Nikavua miwani.

Kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Unafanya nini?"

"Mashine... inajiongeza yenyewe."

"Kwa kidole chako?"

Akaondoa kidole. "Sikia, mpenzi. Wewe unaogopa mende, mimi naogopa siku utakayopona. Ni hapa tu unaponikumbatia bila kuombwa."

"Kwa hiyo ukanifuga na ugonjwa wangu."

"Nakupenda!"

"Unapenda kelele zangu."

"Basi angalia skrini! Moyo umetulia. Mtu mwenye hasira hatulii hivi. Bado unanipenda, mashine haidanganyi!"

Nikamjibu kwa kumtapikia viatu. Chai yote ya asubuhi.

Nesi akaingia na tambaa.

"Fundi, mwenye woga moyo unamwenda mbio," akasema. "Mwenye kinyaa, unaweza kushuka namna hii. Hukufundishwa?"

"Kinyaa cha mende?" akauliza, macho kwangu.

"Mende wamekosa nini?" nikamwambia. "Wao hawajawahi kusema wananipenda."

Nesi akamrushia tambaa. "Futa mwenyewe."

Nyumbani mama alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo.

"Harusi?"

"Hakuna, mama."

Akanisogezea glasi ya maji, akakaa karibu yangu mpaka nikaimaliza.

Nikachukua ufagio. Chini ya jiko palikuwa na mmoja mzima, anatingisha sharubu. Nikamtwanga kandambili, macho wazi. Kinyaa kilikuwepo, lakini nikamfagia hadi mlangoni.

"We!" mama akashangaa. "Nani kakuponya?"

Simu ikalia. Ujumbe wa fundi: "Naona moyo wako umeshuka tena. Umenisamehe, mwoga wangu?"

Anaonaje? Nikatazama mkono. Bangili! Nilitoka mbio nikasahau kuivua. Njia nzima alikuwa nami, ananihesabia mapigo kama kupe aliyeng'ang'ania ngozi. Nikaivua, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya deki.

Ujumbe mwingine: "Mbona sioni moyo wako?"

Kisha tena: "Mpenzi? Sioni chochote."

Nikausoma. Nikaweka simu kifudifudi, nikaendelea kufagia.